Msaidizi Akiwa Kazini, Tumwandikie au Tungoje?

Hoja iliyo mezani: Mtayarishaji wa programu anayefanya kazi na msaidizi wa akili mnemba anafaa kumpangia ujumbe foleni msaidizi akiwa bado kazini, badala ya kungoja amalize.

Tumeigawa hoja hii kwa sauti tatu za watu wa fani moja. Mtetezi ni dada wa Nairobi anayejenga mifumo ya malipo. Mpinzani ni mzee aliyeijua terminali kabla ya kuijua intaneti. Mkaguzi hupima programu za wenzake kabla hazijamfikia mteja, na kwa hiyo hana rafiki wa kudumu upande wowote. Mwenyekiti anaongoza.

MWENYEKITI: Tuelewane kwanza tunazungumzia nini, maana si kila msomaji amevitumia vyombo hivi. Zamani kidogo, akili mnemba ya kuandikia programu ilikuwa ya swali na jibu: unauliza, unajibiwa, unanakili. Tangu mwaka 2025 hivi, zana kama Claude Code, Codex na Cursor zimewazoeza watu wengi mtindo mwingine. Unampa msaidizi kazi, naye anaingia mwenyewe kwenye faili zako. Anasoma, anabadilisha, anaendesha majaribio, anaona yamefeli, anarekebisha, anarudia. Kazi moja yaweza kuchukua dakika 2, yaweza kuchukua nusu saa. Muda wote huo kisanduku cha kuandikia kiko wazi mbele yako. Katika Claude Code, kwa mfano, ukiandika na kubonyeza Enter, ujumbe haumsimamishi msaidizi, unakaa foleni. Ukitaka asimame papo hapo, unabonyeza Escape. Kutegemeana na zana, ujumbe wa foleni husomwa kati ya hatua moja na nyingine, au baada ya zamu nzima kwisha. Swali letu linahusu kisanduku hicho kilicho wazi. Dada, karibu.

MTETEZI: Ahsante, mwenyekiti. Naunga mkono hoja, na nina sababu tatu.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Wazo halikupigii hodi likangoja ufungue. Niseme msaidizi anaandika sehemu inayopokea majibu ya malipo ya M-Pesa, nami nakumbuka kwamba katika hifadhidata yetu namba za simu nyingine zinaanza na 07 na nyingine na 254. Nikingoja amalize, mawili yatatokea: ama nitakuwa nimesahau, ama atakuwa ameshaandika kwa mtindo mmoja kwenye faili chungu nzima na itabidi azipitie upya. Nikimwandikia sasa, sentensi moja inaokoa yote mawili. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ya pili, jambo hili si geni hata litutie hofu. Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, ilianza kuandikwa Bell Labs mwaka 1969, na wanaoitumia wamezoea siku zote kuandika amri inayofuata huku ya kwanza bado inaendelea. Kiini cha mfumo huziweka herufi kando, na amri ya kwanza ikiisha ya pili inaanza. Kila aliyekaa kwenye terminali amefanya hivyo, na hakuna aliyeitisha mjadala.

Ya tatu, wanaopinga foleni watuambie mbadala wake. Kumkatiza? Mkatize msaidizi aliye katikati ya kubadilisha jina linalotumika mradi mzima uone. Faili tano zina jina jipya, saba zina la zamani, majaribio yote yamegeuka mekundu, na sasa unatumia dakika 20 kumweleza alikuwa amefikia wapi. Au mbadala ni kukaa mikono kifuani, unatazama mistari ikipanda kwenye kioo? Huo si usimamizi, huo ni uzururaji wa macho. Foleni inamwacha afanye kazi yake nami nifanye yangu.

MPINZANI: Mwenyekiti, dada amezungumza vizuri, nami nitaanzia pale alipoukaribia ukweli akaupita: Unix. Ni kweli herufi huwekwa kando. Lakini jaribu kuandika nenosiri lako kabla programu haijakuuliza. Njia ya zamani ya kuombea nenosiri katika lugha ya C, getpass, hutupa kila kilichoandikwa kabla ya swali kutokea. Viwango vya POSIX, vya mifumo ya jamii ya Unix, vina hata chaguo maalumu la kazi hiyo, TCSAFLUSH: badilisha hali ya terminali, na umwage chochote kilichokuwa kinangoja kusomwa. Wahandisi walewale waliotupa uhuru wa kuandika mapema waliona kwamba pana mahali ambapo uhuru huo ni hatari. Jibu lililoandikwa kabla ya swali si jibu. Limetokea tu kuwa mahali ambapo jibu lilitakiwa.

Msaidizi naye huuliza. Humaliza zamu yake kwa kusema: "Nimeona jedwali la zamani halitumiki tena. Nilifute?" Kumbe wewe, dakika 4 kabla, ulikwisha kupanga ujumbe usemao: "Sawa, endelea." Ulikuwa unafikiria majaribio. Yeye anasikia ruhusa ya kufuta.

Sasa nichukue mfano wake mwenyewe wa malipo. Ukituma ombi la malipo kupitia Daraja, API ya Safaricom, jibu la kwanza linalorudi linasema tu kwamba ombi limepokewa. Mteja bado hajaweka PIN. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwa anwani uliyoiandaa: pengine amelipa, pengine ameghairi na unaletewa namba 1032. Msaidizi akiwa anaandika hatua ile ya kwanza, wewe unampangia ujumbe: "Ombi likifaulu, mtumie mteja stakabadhi kwa SMS." Kichwani mwako kufaulu maana yake ni kulipa. Mbele ya msaidizi, kitu pekee kilichofaulu mpaka hapo ni ombi kupokewa. Atawatumia stakabadhi watu ambao hawajatoa hata senti, na atakuwa amekutii barabara.

Hilo ndilo pingamizi langu kubwa. Ujumbe wa foleni umeandikwa na mtu ambaye hajaona. Unazungumzia hali ya kazi kama ulivyoikisia, lakini unasomwa katika hali ya kazi ilivyo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

MTETEZI: Mzee wangu, kosa la stakabadhi ni la maneno mabovu, si la foleni. Ningeweza kuandika sentensi ileile mbovu baada ya msaidizi kumaliza, na matokeo yangekuwa yaleyale.

MPINZANI: Ungeweza, lakini ingekuwa vigumu zaidi. Ungekuwa umekwisha kuona kwamba ameandika sehemu mbili, moja ya kupokelewa kwa ombi na nyingine ya matokeo. Macho yako yangekupa maneno sahihi: "Matokeo yakionyesha amelipa." Mtu husema kwa usahihi juu ya kitu kilicho mbele yake. Foleni inakuondolea kitu hicho kisha inakutaka useme.

MWENYEKITI: Dada, hapo amekubana kidogo.

MTETEZI: Amenibana kwa ujumbe mmoja. Hajagusa ule wa namba za simu, na sitauachia.

MPINZANI: Nitaufikia. Niruhusu kwanza niseme juu ya foleni yenyewe, kwa maana foleni ina hesabu zake. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za simu zinavyoingia kwenye mitambo, na hapo elimu ya foleni ikapata msingi. Mwaka 1961 John Little akathibitisha kanuni fupi: wastani wa walio ndani ya foleni ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa wastani wa muda wanaokaa humo. Sasa tazama kisanduku chetu. Sentensi unaiandika kwa sekunde 10. Kazi inayoletwa na sentensi hiyo inachukua dakika 10. Ukiandika kila linalokujia, foleni haina njia ila kurefuka. Panga ujumbe sita wa namna hiyo, na wa sita utaanza kutekelezwa si chini ya dakika 50 baadaye, katika mradi ambao umebadilishwa mara tano tangu ulipouandika.

Na kuna tofauti moja kubwa kuliko zote. Katika foleni ya benki, mtu ambaye shida yake imekwisha huangalia saa, akatoka, akaenda zake. Foleni ya watu hujisafisha. Ujumbe hauchoki na hauondoki. Shida iliyouzaa yaweza kuwa imetatuliwa nusu saa iliyopita, nao umekaa palepale, ukingoja kuhudumiwa.

MTETEZI: Baadhi ya zana huruhusu kuurudisha ujumbe ulio foleni, ukauhariri au ukaufuta kabla haujasomwa.

MPINZANI: Huruhusu. Nani hurudi? Anayerudi kuisafisha foleni ni yule anayefuatilia kazi kwa makini, na huyo hakuwa na haja kubwa ya foleni tangu mwanzo. Tena kasi yenyewe hudanganya. Mwaka 2025 taasisi ya METR ilichapisha jaribio la watayarishaji wa programu 16 wenye uzoefu, wakifanya kazi 246 katika miradi wanayoijua vizuri, baadhi kwa msaada wa akili mnemba na baadhi bila. Walipomaliza, waliamini kwamba zana zimewaongezea kasi kwa asilimia 20 hivi. Saa zilipohesabiwa, ilionekana kazi zilizoruhusiwa akili mnemba zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Mtu anayejaza foleni anajisikia mchapakazi. Ni raha hiyo ninayoishuku.

MTETEZI: Jaribio hilo nalijua, na mzee amelinukuu kwa haki. Lakini lilihusu watu 16, kwenye miradi yao waliyoizoea, na zana za mwanzoni mwa 2025. Halikupima foleni hata kidogo. Halimwambii yeyote kwamba kungoja kungewasaidia. Nalichukua fundisho moja tu, na nalichukua kwa moyo mweupe: hisia ya kasi si ushahidi wa kasi. Nami namrudishia swali: hisia ya umakini je, ni ushahidi wa umakini? Wapo wanaokodoa macho kwenye kioo nusu saa nzima wakidhani wanasimamia, na ukiwauliza msaidizi amegusa faili zipi hawajui.

MWENYEKITI: Mkaguzi, umekaa kimya kama hakimu. Tusaidie.

MKAGUZI: Nimekaa kimya kwa sababu methali mbili zimegongana na zote mbili ni za kweli. Zikitokea hivyo, kwa kawaida watu wanazungumzia vitu viwili kwa jina moja. Dada anatetea ujumbe wa namba za simu. Mzee anapinga ujumbe wa stakabadhi na ule wa "sawa, endelea". Tuuweke kila mmoja mezani.

Ujumbe wa namba za simu ni habari juu ya ulimwengu. Namba zetu zinaanza na 07 na 254 leo, na zitaendelea kuwa hivyo hata msaidizi aandike nini. Hakuna anachoweza kugundua ndani ya faili kitakachoufanya kuwa uongo. Ujumbe huu hauhitaji mwandishi wake awe ameona kitu. Upange, tena mapema.

Ujumbe wa stakabadhi ni agizo linalotegemea tokeo. Maana yake inategemea kile msaidizi atakachokuwa amekijenga. Mwandishi asiyeona anakisia, na kisio lake linasomwa kama amri. Ujumbe wa "sawa, endelea" ni mbaya zaidi. Huo ni ruhusa, na ruhusa haitolewi kwa jambo ambalo halijatajwa.

Kuna na wa nne ambao hamjautaja, nami ndio ninaokutana nao zaidi: rekebisho. "Usiiguse faili ile." "Hapana, hiyo siyo hifadhidata ya majaribio, ni ya wateja." Watu wanauandika, wanabonyeza Enter, wanaenda kuchukua chai. Ujumbe wa kuzuia ukiwekwa foleni waweza kusomwa baada ya jambo lililozuiwa kutendeka. Hapo sina subira na dada wala na foleni yake: bonyeza kitufe cha kusimamisha. Faili tano zenye jina jipya na saba zenye la zamani ni usumbufu. Data ya wateja iliyofutwa ni msiba. Na usumbufu wenyewe una dawa. Git, programu ya kutunza matoleo aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2005, inakurudisha kwenye toleo la mwisho ulilohifadhi, mradi ulihifadhi kabla ya kumpa kazi.

Kwa hiyo mimi hujiuliza swali moja kabla ya Enter: je, kuna tokeo lolote la kazi inayoendelea linaloweza kuufanya ujumbe huu uwe batili au wa hatari? Kama halipo, panga. Kama lipo, usipange.

MPINZANI: Swali zuri, lakini kulijibu kunahitaji kujua matokeo yanayowezekana. Hayo ndiyo hasa asiyoyajua mtu asiyeona.

MKAGUZI: Ukishindwa kulijibu, umeshajibiwa. Usipange.

MTETEZI: Na yale mawazo mengine je? Yale ambayo hayajapita mtihani wako lakini sitaki kuyasahau? Sababu yangu ya kwanza ilikuwa kumbukumbu.

MKAGUZI: Yaandike, lakini kwako. Fungua faili pembeni, iite orodha. Orodha na foleni zinafanana kwa sura, tofauti ni nani anayefungua mlango. Foleni hujifungua yenyewe: zamu ikiisha, ujumbe unaofuata unaingia hata kama hukuyasoma matokeo. Orodha inakungoja wewe usome, kisha uchague. Utashangaa ni mangapi utayafuta bila kuyatuma, kwa sababu msaidizi ameyafanya tayari au yamepoteza maana. Na kama ni kazi isiyohusiana kabisa na hii, haina sababu ya kukaa nyuma yake. Tangu 2015 Git ina amri ya worktree: mradi mmoja, folda mbili, kila moja kwenye tawi lake. Mfungulie msaidizi wa pili huko.

MWENYEKITI: Tusikie wa ukumbini.

SAUTI YA MWANAFUNZI: Shikamooni. Mimi nauliza, kwani msaidizi mwenyewe hawezi kutambua kwamba ujumbe umepitwa na wakati? Si wanasema ana akili?

MTETEZI: Marahaba. Mara nyingi hutambua. Akiambiwa aongeze jaribio ambalo ameshaliongeza, husema limeshaongezwa na kuendelea.

MKAGUZI: Mara nyingi, ndiyo. Lakini elewa anachokiona. Modeli ya lugha haisikii wakati inaandika. Inapewa maandishi yote ya mazungumzo, inatoa jibu lake, kisha inapewa tena pamoja na yaliyoongezeka. Ujumbe wako unaonekana kwake mahali ulipowekwa, yaani mwishoni, chini ya kila alichokifanya. Zana isipomwambia uliuandika lini, hana namna ya kujua ulikuwa umeona nini ulipouandika. Kwa hiyo anakudhania mema: anakusoma kama mtu aliyeyapitia yote yaliyo juu, akayatafakari, ndipo akasema. Neno ulilolitupa huku unajibu simu linasomwa kama uamuzi wa mwisho. Lilikuja la mwisho, nalo ndilo lenye uzito.

MTETEZI: Basi hapo pana dawa rahisi, nami naitumia. Ujumbe useme wenyewe ulizaliwa lini. "Naandika haya kabla ya kuona matokeo. Kama umeshalifanya, au kama uliyoyakuta yanapingana nalo, niambie kwanza, usibadilishe kitu." Ni sentensi mbili tu, na zinamrudishia msaidizi ile nafasi ya kutilia shaka ambayo foleni ilimnyang'anya.

MPINZANI: Hiyo naikubali bila masharti. Ujumbe wenye tarehe yake ni mwaminifu kuliko usio nayo.

SAUTI YA PILI KUTOKA UKUMBINI: Mimi ni mfanyakazi huru, wateja wangu wako nchi mbalimbali. Jioni nampangia msaidizi kazi tano, moja nyuma ya nyingine, nalala, asubuhi nakuta zimekwisha. Mnaniambia niache?

MPINZANI: Nakuambia uhesabu. Tukisie kwamba kila kazi ina nafasi tisa kwa kumi ya kutoka sawasawa, na kila moja inajengwa juu ya iliyotangulia. Nafasi ya tano zote kutoka sawa ni 0.9 mara tano yenyewe kwa yenyewe, yaani chini kidogo ya asilimia 60. Zaidi ya usiku mmoja katika kila mitatu utaamka ukute nyumba iliyojengwa juu ya msingi uliopinda, na hutajua umepinda kwenye tofali lipi.

MTETEZI: Hesabu ya mzee ni sahihi kama hakuna lango kati ya kazi na kazi. Weka lango. Kila kazi iishe kwa majaribio kupita na toleo kuhifadhiwa kwenye Git. Majaribio yakifeli, msaidizi asimame, asianze inayofuata. Asubuhi ukikuta kazi tatu safi na ya nne imekwama, umelala salama. Usichopaswa kukipanga usiku ni kazi ambayo ubora wake hauonekani kwa majaribio: muundo wa kurasa, maneno ya kumwambia mteja, namna ya kugawa hifadhidata.

MKAGUZI: Nami niongeze kwamba majaribio hayo yawe yameandikwa kabla, na mtu. Ukimwachia msaidizi aandike kazi na lango lake usiku mmoja, lango litakuwa na upana wa kazi.

SAUTI YA PILI: Nimewaelewa. Nitazipanga upya.

MWENYEKITI: Muda umetubana. Majumuisho, tuanze na mpinzani.

MPINZANI: Nimekuja kupinga foleni nzima, na sitatoka na msimamo uleule. Habari zisizobadilika zipangwe, dada ameshinda hapo. Ila kuna jambo ambalo mtihani wa Mkaguzi haulifikii. Ujumbe waweza kuwa salama kabisa kwa msaidizi na bado ukamdhuru mwandishi. Mtu mwenye kichwa kimoja hawezi kutunga sentensi huku anasoma nyingine. Dakika 10 ulizozitumia kupanga ujumbe sita ni dakika 10 ambazo hukuiona kazi inayotokea. Na kazi hiyo ina jina lako. Ikivunjika mikononi mwa mteja, rekodi ya Git itaonyesha nani aliihifadhi na saa ngapi. Haina sehemu ya kuandika kwamba ulikuwa unaandika jambo jingine ilipopita mbele yako. Kwangu mimi, muda wa msaidizi kufanya kazi ni muda wangu wa kusoma.

MTETEZI: Nami nimekuja kutetea foleni nzima, na nimeacha vipande vyake viwili: ruhusa na marekebisho. Hivyo sitavipanga tena. Lakini juu ya kusoma, sikubaliani na mzee, na sidhani tutakubaliana. Kuisoma kazi wakati inafanyika ni kuisoma kabla haijawa kitu. Msaidizi anaandika, anafuta, anajaribu njia tatu na kuziacha mbili. Nikifuata kila hatua nitachoka na rasimu, na toleo la mwisho nitalipitisha nikiwa sina macho tena. Mimi husoma mwisho, mabadiliko yote kwa pamoja, kabla ya kuhifadhi. Huko nyuma, wakati bado anahangaika, acha nifikirie na kuandika. Nikisoma vizuri mwishoni, deni nimelilipa.

MPINZANI: Ukisoma.

MTETEZI: Nikisoma, ndiyo. Na wewe pia, mzee, ukisoma.

MWENYEKITI: Basi nifunge. Hoja haipiti kama ilivyoandikwa, kwa sababu imeufanya kila ujumbe kuwa sawa na mwingine. Linalopita ni hili: habari ambayo haiwezi kubatilishwa na matokeo ipangwe foleni, ikiwezekana na maelezo kwamba iliandikwa kabla ya kuona. Agizo linalotegemea matokeo likae kwenye orodha ya mwandishi mpaka asome. Ruhusa ingoje swali. Rekebisho lisingoje chochote: msaidizi asimamishwe. Kazi isiyohusiana ipewe tawi lake, na kazi za usiku ziwekewe lango.

Kuhusu kusoma wakati wa kazi au mwisho wake, wazungumzaji wameachana njia, na sitawapatanisha kwa nguvu. Wote wawili wamekubali kwamba lazima mtu asome kabla ya kuhifadhi. Wanaobishania saa ya kusoma ni watu wanaosoma. Mjadala huu ungekuwa mgumu zaidi kama mezani pangekuwa na wa tatu, yule anayepanga foleni, analala, anahifadhi bila kufungua hata faili moja. Huyo hakutuma mwakilishi, ingawa programu zake tayari tunazitumia.